Miezi minane ya dawa za gesi: nini kinakwamisha tiba ya saratani ya ovari?

*Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu mdogo ana miaka 56. Alianza kulalamika tumbo kujaa, akala dawa za gesi na za vidonda vya tumbo karibu miezi minane. Katikati alipimwa saratani ya shingo ya kizazi, akaambiwa yuko safi. Sasa tumeambiwa ana saratani ya ovari, hatua ya tatu. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anasema huko wangeiona mapema. Ni kweli? Ni nini hasa kinachowazuia wanawake duniani kupata tiba nzuri ya ugonjwa huu, na sisi tufanye nini sasa?*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Nianze na huyo ndugu yenu wa Uingereza, maana maneno yake yasipowekwa sawa mtaanza kutafutana ubaya: nani alichelewa, nani hakumpeleka hospitali.

Waingereza ndio waliofanya jaribio kubwa kuliko yote la kuisaka saratani hii kwa wanawake wasio na dalili. Kuanzia mwaka 2001 waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 wa miaka 50 hadi 74, wote wamekwisha koma hedhi. Robo walipimwa damu kila mwaka, robo nyingine wakafanyiwa ultrasaundi kila mwaka, nusu iliyobaki wakaachwa waendelee na maisha yao. Majibu ya mwisho yalitoka 2021, baada ya kuwafuatilia kwa zaidi ya miaka 16. Kipimo cha damu kiliwagundua wengi zaidi wakiwa katika hatua za mwanzo, ndiyo, lakini waliokufa kwa ugonjwa huu hawakupungua. Nakumbuka nilivyonyong'onyea siku ile; wengi wetu tulikuwa tumeweka matumaini yetu pale.

Kwa hiyo hata Uingereza mwanamke asiye na dalili haitwi kupimwa ovari kama anavyoitwa kupimwa shingo ya kizazi. Na zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano huko hugundulika baada ya kukimbizwa hospitali kwa dharura, tumbo limejaa maji au utumbo umeziba. Simaanishi kwamba kule hakuna nafuu. Ipo, tena kubwa, ila haiko pale anapodhani yeye. Nitaifikia.

Kipimo cha shingo ya kizazi hakikumdanganya mama mdogo. Kilijibu swali lake, na swali lake halikuwa ovari. Shingo ya kizazi ni mlango: daktari anauona kwa macho na kuufikia kwa kijiti. Ovari zimejificha ndani ya nyonga, kila moja urefu wa sentimita tatu hivi. Tena aina ya saratani hii inayowapata wengi haianzii kwenye ovari yenyewe. Mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, chembe chache tu, ambazo hudondoka tumboni na kusambaa kama vumbi kabla ya picha yoyote kuonyesha uvimbe. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, nayo haihusiki hapa. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wanawake wengi, wakiwemo wauguzi, wakisema "mimi nilishapima kizazi chote."

Utasikia saratani hii ikiitwa muuaji wa kimya. Jina hilo silipendi, kwa sababu linamtoa lawamani kila mtu. Mwaka 2018 muungano wa kimataifa wa saratani ya ovari uliwahoji wagonjwa zaidi ya 1,500 katika nchi 44, na wanawake tisa kati ya kumi walisema walikuwa na dalili kabla ya kugundulika. Ugonjwa ulisema. Shida ni kwamba ulisema kwa lugha ya kila siku: tumbo kujaa au kuvimba, kushiba baada ya matonge machache, maumivu ya tumbo la chini, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nani hajawahi kuwa na gesi? Ukienda kwa daktari wa kawaida, huyo huenda anaona mgonjwa mpya wa saratani ya ovari mara moja katika miaka kadhaa, lakini wagonjwa wa vidonda vya tumbo anawaona kila siku. Atakupa dawa ya kile anachokijua. Ukirudi atabadilisha dawa. Ukirudi tena ataandika UTI, au atakwambia ni umri, mama, ni mambo ya kukoma hedhi.

Mara ya kwanza simlaumu. Mara ya tatu, malalamiko yaleyale, bila kulaza mgonjwa kitandani na kuweka mkono juu ya tumbo lake, hapo namlaumu. Dalili hizi zikiwa mpya, yaani hazijatimiza mwaka, na zikija zaidi ya siku 12 kwa mwezi, mwanamke apimwe damu na ultrasaundi, hasa akiwa amepita miaka 50. Rundo la dawa za gesi nyumbani ni dalili pia.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuvisoma pamoja. Kuna hesabu ndogo, iliyotolewa mwaka 1990 na bado inatumika, ambayo ningependa ibandikwe ukutani kila penye ultrasaundi. Unachukua kiwango cha CA-125 kwenye damu, protini ambayo mara nyingi hupanda mtu akiwa na saratani hii, unazidisha kwa alama ya ultrasaundi, kisha kwa alama ya hedhi. Kwenye ultrasaundi wanatafuta mambo matano: uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Kama hakuna hata moja alama ni 0, likiwepo moja ni 1, yakiwa mawili au zaidi ni 3. Aliyekoma hedhi anapewa 3, ambaye hajakoma 1. Sasa chukua mwanamke wa umri wa mama mdogo mwenye CA-125 ya 60. Mtu ataiona na kusema imepanda kidogo tu. Lakini ultrasaundi yake ina vyumba vingi na maji: 60 mara 3 mara 3 ni 540. Ikizidi 200, huyo apelekwe kwa daktari bingwa wa saratani za wanawake kabla ya kisu chochote. Binti wa miaka 28 mwenye CA-125 hiyohiyo na kivimbe laini cha chumba kimoja anapata sifuri. Huenda ana endometriosisi, yaani utando wa kizazi kuota nje ya kizazi, au alitolewa damu akiwa hedhini. CA-125 peke yake hutisha wasiostahili kutishwa, na huwaliwaza wasiostahili: karibu nusu ya walio hatua ya kwanza haijapanda kwao.

Kuna mtego mwingine penye kifua kikuu kingi. Kifua kikuu cha tumbo huleta maji tumboni, kukonda, CA-125 ya juu, hata vinundu kwenye utando wa ndani wa tumbo. Nimeona mwanamke akipasuliwa kwa saratani, kumbe ni TB ya kutibiwa kwa vidonge. Nimeona pia kinyume chake, na kinyume chake ndicho kinachoua: miezi sita ya dawa za TB huku saratani ikitembea. Anayewatenganisha hawa wawili ni mtaalamu wa patholojia akiwa na kinyama chini ya hadubini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza kikwazo kikubwa ni kipi, nitakutajia hilohilo: upasuaji wa kwanza. Watu huniuliza kuhusu vidonge vipya vya ghali. Mimi nauliza nani alimpasua, na alibakiza nini.

Saratani ya ovari ina tabia ya peke yake. Hukaa zaidi ndani ya tumbo: juu ya utumbo, kwenye lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo, chini ya kiwambo cha kupumulia. Kwa hiyo hata hatua ya tatu hupasuliwa kwa nia ya kuondoa vyote vinavyoonekana kwa macho. Katika yote ambayo daktari anaweza kuyabadilisha, hakuna linaloamua maisha ya mgonjwa kuliko hili: je, alipofunga tumbo kulikuwa na uvimbe uliobaki au hapakuwa na kitu? Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Inataka mtu aliyefundishwa kukata na kuunga utumbo na kubandua utando wa tumbo, mtaalamu mzuri wa dawa ya usingizi, damu ya kutosha, na kitanda cha uangalizi maalumu usiku ule. Kimoja kikikosekana, daktari mwenye busara haanzi.

Wengi duniani hawapati hivyo. Anapasuliwa na daktari wa zamu aliyejiandaa kwa fibroidi. Akifungua anakuta hali nyingine, anaondoa kizazi na ovari, anaacha pazia limejaa vinundu, anafunga. Au anafungua, anachungulia, anafunga palepale, na familia inaambiwa "imeshaenea." Au, na hili huniuma zaidi, kivimbe kilichokuwa kimefungika salama ndani ya ovari kinatobolewa kwa sindano au kupasuliwa ndani ya tumbo, na saratani ambayo ingetoka nzima inamwagika. Mgonjwa anafika kwangu na kovu jipya, na ule upasuaji wa kwanza haurudiwi. Wa pili hupita kwenye makovu.

Mwaka 2015 tume ya jarida la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawana njia ya kupata upasuaji salama wanaoumudu. Tume nyingine ya mwaka huohuo, iliyoangalia saratani peke yake, ilisema chini ya robo ya wagonjwa wa saratani duniani hupata upasuaji salama, kwa wakati, na kwa gharama wanayoweza kuilipa. Hapa ndipo ilipo ile nafuu ya ndugu yako. Mahali walipokusanya upasuaji huu katika hospitali chache zenye timu, kama magharibi mwa Sweden walivyofanya mwaka 2011, wagonjwa waliishi zaidi, bila dawa yoyote mpya. Bei yake ni safari: mgonjwa analala mbali na kwake, na ndugu wa kumwangalia analala kwenye benchi. Hata hivyo, wa kwangu ningempeleka.

Kisha kuna ile chupa. Huenda mmeiona: chupa ya plastiki yenye kinyama, anapewa ndugu nje ya chumba cha upasuaji na kuambiwa aipeleke maabara. Kuna mama mmoja alinijia na mfuko wa makaratasi, ripoti ya upasuaji imeandikwa "uvimbe umeondolewa," basi. Nilipouliza majibu ya kinyama, mwanawe akanyamaza kwanza, kisha akasema chupa ipo nyumbani, dirishani, walikuwa wakitafuta pesa za maabara. Ilikuwa wiki ya saba. Niliifungua, walikuwa wameijaza maji, si fomalini ya kuhifadhia, na kinyama kilikuwa kimeoza. Sijui hadi leo ilikuwa aina gani. Tulimpa kemo, dawa za kuua chembe za saratani, kwa kukisia.

Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina mtaalamu wa patholojia mmoja kwa watu milioni moja au hata pungufu ya hapo. Na jina "saratani ya ovari" ni kapu la magonjwa mengi. Yamo yanayoitikia kemo vizuri na yamo yasiyoijali. Bila kinyama kusomwa, kemo inapigwa gizani.

Dawa za msingi hazina siri. Kaboplatini na paklitakseli, dripu kila wiki tatu, kwa kawaida mizunguko sita. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hati miliki zake ziliisha zamani. Urahisi huo nao una mtego wake, maana dawa yenye faida ndogo hutengenezwa na wachache. Mwaka 2023 hata Marekani ilipungukiwa kaboplatini na sisplatini baada ya kiwanda kimoja cha India kusimamisha kazi, na hospitali kubwa zikaanza kuchagua nani apewe kwanza. Kama huko waligawana, kwingine mgonjwa huambiwa tu rudi wiki ijayo. Kwa kemo, wiki ijayo si jambo dogo. Mzunguko uliorukwa haulipwi.

Vidonge vipya navyo, kama olaparibi, si porojo. Kwa wanawake wenye hitilafu ya jeni za BRCA, ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani hii na kurithiwa katika ukoo, waliokwisha itikia kemo ya kwanza, jaribio lake kubwa lilionyesha kwamba baada ya miaka saba asilimia 67 ya waliopewa olaparibi walikuwa hai, wakati wa upande wa pili walikuwa karibu asilimia 47. Lakini soma sentensi hiyo tena: wenye hitilafu ya jeni, waliokwisha itikia kemo. Penye uhaba wa kipimo cha jeni na upasuaji wa kubahatisha, kidonge hicho ni paa lisilo na ukuta. Hati miliki ya jeni hizo ilishikiliwa na kampuni moja hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta mwaka 2013, na kipimo kikaanza kushuka bei. Limebaki tatizo lisilozungumzwa sana: maktaba za jeni zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Mwafrika au Mwasia hupata zaidi lile jibu la "tumeona badiliko, hatujui maana yake."

Nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa sababu ya mabinti. Kuna saratani za ovari za umri mdogo, zinazoanzia kwenye chembe za mayai, na hizo hupona vizuri kwa kemo hata zikiwa zimesambaa, mara nyingi kwa kuondoa ovari moja tu, na binti anakuja kuzaa. Kikwazo chao ni aibu. Tumbo la msichana wa miaka 16 linakua, nyumbani wanamtazama kwa jicho baya, na baadhi ya uvimbe huu hutoa homoni ileile ya ujauzito, kwa hiyo kipimo cha mkojo kinakuja na mistari miwili. Binti anapigwa, anafukuzwa, anaapa hajamjua mwanamume na hakuna anayemwamini. Ultrasaundi ya dakika kumi ingemsafisha jina na kumwokoa.

Maumivu nayo. Tume ya 2017 ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ilipiga hesabu kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilifikiwa na tani 0.1. Mofini ya maji ni dawa rahisi kuchanganya; Uganda huitoa bure na kuruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Anayewaambia mofini ni ya wanaokufa, msimsikilize. Tumbo likijaa maji, yatolewe. Mtu akipumua vizuri anakula, akila anastahimili kemo.

Sasa nyinyi. Hatua ya tatu ni nzito, sitakuficha, na wengi hurudiwa na ugonjwa. Lakini wapo wanaoishi miaka, na hatua ya tatu bado ina upasuaji. Kama mama mdogo hajapasuliwa, msikubali apasuliwe mahali ambapo hawafanyi kazi hii mara kwa mara. Muulizeni daktari, kwa heshima tu: wewe umefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi mwaka huu, na ukikuta ugonjwa kwenye utumbo utafanyaje? Bingwa wa kweli haudhiki na swali hilo. Akisema aanze kemo mizunguko mitatu ndipo apasuliwe, msidhani anamkwepa. Kwa mgonjwa aliyedhoofika au mwenye ugonjwa uliotapakaa sana, majaribio yaliyotolewa 2010 na 2015 yalionyesha kwamba njia hiyo si duni kwa urefu wa maisha na madhara yake ya upasuaji ni machache. Kama ameshapasuliwa, ombeni ripoti iliyoandikwa na mtafute sentensi inayosema kilichobaki. Kinyama kiwekwe kwenye fomalini, kifike maabara wiki hiyohiyo, na vile vipande vya nta vinavyohifadhiwa huko msiviache vitupwe. Vinaweza kupimwa tena, hata jeni.

Na wewe mwenyewe, kwa kuwa naona hukujiuliza. Kwa wanawake kwa jumla, 1 hivi kati ya 80 hupata saratani hii katika maisha yake. Mwenye hitilafu ya BRCA1 ni karibu 4 kwa 10. Ndiyo maana mgonjwa mwenyewe ndiye apimwe jeni kwanza, si wewe. Akikutwa nayo, anayefuata ni mama yako, dada yake. Mama yako akikutwa nayo, wewe na ndugu zako, wa kiume pia, mtapimwa, na wa kike watashauriwa kutoa mirija na ovari wakishamaliza kuzaa, kwa BRCA1 kati ya miaka 35 na 40. Mama yako akikutwa hana, basi hitilafu hiyo haijapita kwake kuja kwako, na hakuna haja ya kukutoa damu.